Mikono ya Moulin

Mama alikuwa na hakika kwamba moulin itamharibia yaya, dada yangu mkubwa, masikio yote mawili. Ilikuwa mashini ya kusagia unga mtaani kwetu Butembo, na yaya alishinda barazani pake akipokea mabeseni ya muhogo ya wateja. Injini ilikuwa ndani, kelele ilimfikia ikiwa imepunguzwa na ukuta. Msagaji alikuwa ng'ambo ya dirisha, kwa hiyo walisemezana kwa mikono. Kidole kikizunguka hewani: washa. Kiganja kikishuka polepole: zima. Akimtaka yaya mwenyewe, msagaji aligusa paji la uso, pale yaya alipofungia kitambaa chake chekundu.

"Weye bakia nyumbani," mama aliniambia. "Ile makelele hapana ya mutoto muzaifu."

Basi nikabaki, nikatunzwa kimyakimya kama yai.

Vita ilipotufukuza, mimi na yaya tulishukia Beni kwa shangazi, huko Mulekera, tukajazana na wakimbizi wengine chumba kimoja. Kifua kikuu kikatupata wote wawili. Sindano zilezile, muuguzi yuleyule. Yaya alipona, akaanza tena kunitania. Mimi nilipona kifua, lakini mluzi uliingia masikioni, kisha ukaondoka na kila kitu. Mwanzoni nilidhani watu wameninunia. Siku nilipomwona jogoo wa shangazi ananyoosha shingo, anafungua mdomo, na hakuna kitu, ndipo nikalia.

Daktari aliniandikia kwenye karatasi kwamba dawa iliyoniponya ndiyo iliyoua chembe za masikio. "Na yaya je?" nilimuuliza, nadhani kwa kupiga kelele, maana alishtuka. Yaya alipomweleza habari ya moulin, aliandika tena: chembe za neva zikisumbuliwa kidogo, pengine zinajifunza kujikinga, na sumu ikija baadaye inazikuta macho. Labda, akaongeza, akaipigia mstari.

Labda! Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mama zaidi. Alinikinga na kelele, sumu ikanikuta nimelala.

Yaya hakuwa na nafasi ya hasira zangu. "Aka!" nilisoma midomoni mwake, na palepale akaanza kunifundisha mikono ya moulin, nasi tukaiongezea mingine yetu. Tuliporudi Butembo tulikuwa tunasengenya watu mbele ya macho yao. Ni yeye tu aliyezungumza nami. Wengine, hata mama, walinitabasamia tu na kunisogezea sahani ya bugali. Yaya akipanda lori la Kasindi, kule mpakani, kufuata chumvi, katika barabara ile ya watu wenye bunduki, nilishinda bila neno la mtu, nikiangalia njia. Upweke huo simwombei mtu.

Asubuhi moja ua wetu ulijaa watu. Mama alikuwa chini, kikwembe kimemlegea, mdomo wazi. Nilimshika huyu, nikamshika yule: kuna nini? Midomo ilikwenda mbio, imechanganyika na machozi, nisipate kitu. Wakaniacha, wakageukiana wenyewe kwa wenyewe. Niliwachukia wote.

Kisha msagaji akaingia, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope, akasimama mbele yangu. Aligusa paji la uso. Akanionyesha upande wa barabara ya Kasindi. Halafu kiganja chake kikashuka, polepole.

Niliinua kidole, nikakizungusha hewani. Nikakizungusha tena, na tena. Msagaji akanishika mkono, akauteremsha.