Picha ya Jumatano

Kwenye ua wa minyaa, Ziada alimchungulia jirani yake, mzee mpiga picha wa Same, aliyechuchumaa bustanini Jumapili nzima akimvizia ndege chozi kwenye mkomamanga. Wajumbe wa kijiji cha ujamaa walikuwa wamemmalizia filamu, na madukani hazikuwepo.

“Imebaki picha moja tu, Ziada, usije ukakohoa.”

Chozi alipotua, mzee alivua kofia, kama afanyavyo kwa kila mteja. Vidole vyake vyenye madoa ya dawa ya kusafishia picha vikagusa kitufe. “Kidevu juu kidogo, mama,” alimwambia ndege. “Usipepese macho.” Kamera ikalia. “Haya, njoo Jumatano uchukue.”

Ziada alicheka mpaka kanga ikamdondoka.

Jumatano aliiona picha imening'inizwa kwenye tawi lile lile alilotua chozi. Upande wa Ziada ulionekana mgongo mweupe wa picha tu. Mzee alikuwa ameielekeza kwenye maua, mteja wake aione.