Fundi wa risasi zenye koti

Saa kumi na mbili asubuhi, duka la bunduki halijafunguliwa, lakini taa ya chumba cha nyuma inawaka. Mwanamke wa makamo aliyevaa aproni ya turubai anachukua kikombe cha plastiki kidogo kuliko ncha ya kidole, anatumbukiza ndani yake kichwa chembamba cha risasi na kukizungusha mbele ya taa. Hajaridhika. Anakitupa kwenye kopo, anachukua kingine.

Mtaani anaitwa Mama Koti, maana wateja hukiita kikombe hicho koti. Majirani wapya humdhania fundi cherehani.

"Kuna dada aliniletea jaketi la mumewe nibadilishe zipu," anasema. "Nikambadilishia. Ningemweleza nini?"

Anacheka kidogo, na hacheki tena asubuhi hiyo.

Kazi yake si ngumu kuielewa. Mtu ana kibali cha bunduki moja tu, kubwa, ya kuwindia wanyama wakubwa. Akimlenga nayo mbweha anayemaliza kuku, anamsambaratisha mbweha na bega lake mwenyewe linakula teke la punda. Mama Koti humtengenezea risasi yenye kichwa kidogo kilichovikwa koti ili kienee kwenye mtutu mpana. Ikishatoka, koti linafunguka kama ganda la ndizi na kuanguka nyasini. Kichwa kinaendelea peke yake, chepesi na cha kasi, na bunduki inarudi nyuma kwa upole.

Upole huo ndio ulioiponza familia yake.

Mumewe alikuwa mlinzi wa shamba kubwa la ng'ombe linalopakana na pori. Miaka michache iliyopita alianguka kutoka kwenye lori, bega la kulia likaunga vibaya. Daktari akamkataza kabisa kupiga risasi nzito. Kumwambia meneja ukweli ilikuwa sawa na kumwaga unga, na mshahara wa mke peke yake haufiki mwisho wa mwezi. Akasema amepona.

Tangu hapo, kila asubuhi mkewe alimfungia risasi za aina mbili. Za koti, zilizopakwa rangi nyekundu ya kucha kitakoni, zilikuwa za mbweha. Nzito zilikuwa za nyati. Jioni aliusugua mtutu kwa brashi ya shaba, kwa sababu plastiki inayoganda ndani huipotosha risasi inayofuata.

Mumewe naye alikuwa na wajibu wake: kuyaokota makoti na kuyaleta nyumbani mfukoni. Mama Koti aliyapanga mezani na kuyasoma. Mabawa yakiwa yamefunguka sawasawa, risasi imeruka vizuri. Bawa moja likichanika, kuna kosa la kurekebisha.

"Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, maana yeye si mtu wa maneno," anasema. "Lakini nilikuwa naona risasi nzito zinarudi zote, kila siku. Nikanyamaza. Nilijua bega haliziwezi."

Msimu wa mvua uliopita, mumewe alirudi jioni moja bila koti hata moja mfukoni.

Siku hiyo alikuwa doria na mwenzake anayeitwa Mrefu. Bunduki ni moja kwa watu wawili. Mrefu hubeba panga na redio. Nyati akachomoka kichakani. Mume akafyatua iliyokuwemo, nayo ilikuwa ya rangi nyekundu. Ikampata nyati begani na kumpandisha hasira tu. Mrefu alivunjwa nyonga kabla gari la maziwa halijatokea likipiga honi na kumkimbiza mnyama.

Shambani ikasemwa kwamba risasi ilikuwa nzito, nyati ndiye sugu; ukweli waliujua mume na mke tu. Kila Jumapili Mama Koti akawa anampelekea Mrefu uji.

"Mkewe alikuwa ananishukuru mpaka machozi yanamtoka. Kila asante ilinichoma."

Jumapili iliyopita alimwambia mumewe: leo tunakwenda wote. Mwandishi huyu aliruhusiwa kuandamana nao.

Chumba cha Mrefu kina dirisha moja na harufu ya dawa ya kuchua. Kitanda kimeongezwa benchi miguuni ili kimtoshe. Mumewe Mama Koti alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kaka, siku ile haikuwa risasi nzito," alisema. "Ilikuwa ya koti. Bega langu halijapona. Nilidanganya."

Mrefu aliendelea kutazama dari. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Za koti zina mlio wake, mkali kama mjeledi. Nilijua kabla sijafika chini. Nikawa nakusubiri uje useme mwenyewe, bwana. Wewe huji. Anakuja shemeji na uji, anaondoka. Anakuja tena na uji."

Akapeleka mkono chini ya mto na kutoa kikoti cheupe cha plastiki. Kiliangukia karibu na mkono wake siku ile, akakifumbata hadi hospitali.

"Chukua shemeji. Ni chako hiki."

Mume alitoka nje akalia kwa sauti, bila kujali watoto waliokuwa uani. Mrefu hakumwita arudi, wala hakusema amesamehe.

Kesho yake mume alirudisha bunduki kwa meneja na kueleza kila kitu. Kazi ikaishia hapo hapo.

Sasa koti la Mrefu limekaa kwenye rafu, juu ya meza ya Mama Koti. Analishusha, analigeuza mbele ya taa. Mabawa yote yamefunguka sawasawa.

"Angalia. Halina kosa," anasema kwa sauti ya chini. "Ningekuwa nimekosea kazi, ningejua pa kurekebisha."

Amekata shauri: hatamfungia tena risasi za koti mlinzi yeyote wa porini. Bosi wake amekubali shingo upande. Mengine anayoyapanga ni ya nyumbani.

"Jumapili hii uji ataubeba mume wangu. Peke yake. Mimi sitoki."

Na akifukuzwa mlangoni?

Mama Koti analirudisha koti kwenye rafu, anafuta vidole kwenye aproni.

"Basi ataupeleka Jumapili nyingine."