Nesi Aliyemwonea Wivu Mkunga wa Tubod-Ilaya

Saa moja na nusu asubuhi, Alhamisi, kibaraza cha kanisa dogo la kitongoji cha Tubod-Ilaya kimeshajaa akina mama. Mzani wa kuning'iniza umefungwa kwenye boriti. Teodila Ayuban ananawa mikono kwa sabuni, anaifuta, anafungua kisanduku cha chanjo alichokipakata kwenye pikipiki kilomita kumi na nne za mlima, kisha anainua uso na kutabasamu.

Afadhali asingetabasamu. Jhonver Tumulak, mtoto wa mwaka mmoja na miezi kumi, anaiona ile sare nyeupe na kuangua kilio kama aliyemwagiwa maji ya moto. Anachomoka mapajani mwa mama yake, anatimua mbio mpaka benchi la nyuma, anamrukia bibi kizee mmoja mwenye sketi ya maua na mdomo uliokolea tambuu. Bibi anamfuta kamasi kwa upindo wa sketi. Mtoto kimya.

"Umeona?" Teodila anamwambia mwandishi, huku akivunja kichupa cha dawa. "Mimi ndiye niliyeamka alfajiri. Mimi ndiye niliyebeba barafu mpaka mapaja yakafa ganzi. Sasa niambie, nani anayekumbatiwa?"

Anavuta dawa kwenye sindano, anaitazama kwenye mwanga.

"Ni wivu. Usitafute neno la heshima. Andika wivu."

Teodila ana miaka hamsini na mmoja, na ameifanya kazi ya uuguzi wa jamii katika vitongoji hivi vya ndani ya Bohol, kisiwa cha Ufilipino, kwa miaka ishirini na sita. Hana mume, hana mtoto. Kati ya wenzake kumi na wawili aliosoma nao, tisa wako ng'ambo. Mmoja juzi alimtumia picha ya jiko lake jipya, na Teodila anakiri kuwa alilikuza lile jiko kwenye simu mpaka akaona chapa ya friji.

Kazi yake si kutibu. Hupima watoto uzito, huwachanja, huwapa matone ya vitamini na dawa ya minyoo. Halafu huanza nyumba kwa nyumba: hufunua mtungi kuona kama una mfuniko, huchungulia sufuriani kuona kama mboga ya mlonge imo au ni wali na chumvi tu, hukagua choo. Mwezi ukiwa na mvua hufika nyumba arobaini, mwezi mkavu sitini. Mafuta ya pikipiki mara nyingi hutoka mfukoni mwake.

"Ubaya wa kazi hii ni kwamba ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea," anasema. "Mtoto akiugua akapona, aliyemponya anashukuriwa mpaka kwenye misa. Mtoto asipougua kabisa, nani atamshukuru nani? Wanasema kinga ni bora kuliko tiba. Haya, tiba inapewa kuku. Kinga inapewa nini?"

Anayepewa kuku ni yule bibi wa benchi la nyuma, Pascuala Lofranco, ambaye mlima mzima unamwita Bibi Pasing. Ana miaka sabini na minne na ndiye mkunga wa jadi wa hapa. Tangu wanawake watakiwe kujifungulia zahanati, hazalishi tena, lakini bado anakanda matumbo, anafukiza majani, na zaidi ya yote anaondoa buyag.

Hakuna mzazi wa hapa asiyeijua buyag, ugonjwa unaoletwa na sifa au kijicho. Ukimsifu mtoto wa mtu, sema "puwera buyag", yaani buyag ikae mbali, hapo hapo, kisha ulowanishe kidole kwa mate yako umguse. Usipofanya hivyo, sifa zako zitamlaza mtoto homa. Na anayeogopwa kuliko wote ni mtu mwenye kutamani cha mwenzake.

Teodila amezaliwa Bohol. Anajua haya tangu hajaota meno. Ndiyo maana kwa alilolifanya Machi ya mwaka jana hawezi kusingizia ugeni.

Siku hiyo Jhonver alikuwa na miezi mitatu na nusu, mashavu yamejaa, mapaja yana mikunjo. Teodila alikuwa na haki ya kujivunia. Kwa miezi mitatu alikuwa akipanda kwa Rhealyn, mama wa mtoto, kumwomba amnyonyeshe maziwa yake matupu. Asimpe ndizi iliyopondwa wala maji ya sukari, hata mama mkwe akinuna. Mara mbili alifukuzwa na mbwa. Mara moja alifukuzwa na mama mkwe.

Basi mtoto aliponing'inizwa kwenye mzani, kilo saba na ushee, mama mmoja akasema kwa sauti, "Ndiyo mikono ya Bibi Pasing hiyo! Anamkanda kila Jumamosi."

"Eee, mikono ya Bibi ina baraka," wakaitikia wengine.

Bibi Pasing mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, akitabasamu na tambuu yake, wala hakukanusha.

"Hapo nikashindwa kuvumilia," Teodila anasema. Alimtoa mtoto kwenye mzani, akamwinua juu watu wote wamwone. "Nikasema, mtoto gani huyu! Mnono, mzuri, hakuna mfano wake mlima huu! Na huyu ni kazi yangu mimi, hakukandwa na mtu!"

Hakusema puwera buyag.

Rhealyn, aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja, alimsogelea kwa upole. "Nesi, mguse kwa mate basi."

"Mimi ni nesi," Teodila akajibu. "Sipaki watoto mate."

Leo anasema usafi ulikuwa kisingizio tu. Angeweza kumgusa unyayoni, mtoto asidhurike hata chembe. Ila Bibi Pasing alikuwa anatazama, na Teodila aliona akilowanisha kidole mbele yake atakuwa amempigia magoti.

Akamchoma mtoto sindano yake, akamwambia Rhealyn kama anavyowaambia wote: usiku anaweza kupata homa, ni kawaida, mpe dawa hii, mnyonyeshe sana. Homa ikaja kweli jioni ile. Rhealyn hakukumbuka sindano hata kidogo. Alikumbuka mdomo wa nesi. Alimkimbiza mtoto kwa Bibi Pasing, Bibi akatafuna tangawizi, akampaka, akamfukiza. Kesho yake homa ikaondoka, kama homa ya chanjo inavyoondoka siku zote.

Minong'ono ikaanza. "Hana wake, anawatamani wa wenzake." "Ana kijicho yule." "Kila mwezi anawapima watoto wetu, kumbe anachagua!" Mwezi wa Aprili, katika watoto thelathini na wanne walio chini ya miaka mitano, walikuja watatu. Mei walikuja wawili.

"Kilichoniuma si kusingiziwa," Teodila anasema. Amekaa kwenye ngazi za kanisa sasa, anakunywa kahawa ya mahindi iliyopoa. "Wangenisingizia ningepigana nao. Ila ulikuwa ni wivu kweli. Nilimwonea Bibi Pasing wivu, na, Mungu anisamehe, nilipomwinua yule mtoto nilimwonea wivu na Rhealyn. Sasa utajitetea kwa kusema nini?"

Septemba surua ikaingia mji wa ng'ambo ya mto. Wiki ya kwanza watoto kumi na mmoja, mmoja akafa. Amri ikatoka kwamba kila mtoto kuanzia miezi sita achanjwe, hata aliyekwisha kuchanjwa. Teodila alipanda mlima siku tatu mfululizo. Kila mlango aliobisha, watu walikuwa shambani.

"Shambani!" anacheka, cheko chungu. "Sufuria inachemka jikoni, redio inaimba, halafu mtoto mdogo anatoa kichwa dirishani anasema, mama amesema hayupo."

Ugonjwa ulikuwa umbali wa mwendo wa saa mbili, na watoto wa kitongoji kizima, Jhonver akiwemo, walikuwa hawajapata dozi hiyo. Alibaki na mlango mmoja. Aliupita mara mbili bila kubisha, akarudi.

Bibi Pasing alikuwa uani anamenya ndizi za kupika. Hakumkaribisha kiti. Alimenya ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Umepotea njia, binti?"

"Sijapotea, Bibi. Nimekuja kwako."

"Kwangu? Mimi mchafu, mpaka mate?"

"Bibi, surua iko ng'ambo ya mto. Mimi hawanisikii. Wewe ukiwaambia watakuja."

"Na ukiwaambia wewe je? Si ni kazi yako wewe, haikukandwa na mtu?"

Teodila anasema alitamani ardhi ipasuke. Lakini hakuondoka. "Nilikosa, Bibi," akasema. "Nilikuonea wivu. Mpaka leo nakuonea. Nipigie mbiu watoto waje, halafu ukitaka nisikanyage hapa tena, sikanyagi."

Bibi Pasing aliweka kisu chini. Alimtazama muda mrefu, na Teodila akajiandaa kufukuzwa mara ya nne mlimani hapa. Badala yake bibi akauliza swali moja tu: "Dawa unayo ya kutosha wote?"

"Ninayo."

"Basi njoo Alhamisi. Ila kila utakayemchoma, utasema maneno na utamgusa. Kwa mate. Mbele ya watu."

"Unyayoni, Bibi. Usoni hapana. Na kidole nikioshe kwa sabuni kwanza."

"Loo! Uoshe kidole ndipo ukilambe? Haya, osha! Osha mpaka kiwiko, mwanamke msumbufu wewe!"

Alhamisi ile walikuja wote thelathini na wanne. Wa kwanza alikuwa Rhealyn na mtoto wake, na hakumtazama nesi machoni. Teodila alichoma, akasema puwera buyag kwa sauti ya kusikika barabarani, akalowanisha kidole, akagusa unyayo. Hivyo hivyo mara thelathini na nne, akinawa baina ya mtoto na mtoto, huku Bibi Pasing ameketi ubavuni mwake akipokea kila anayelia. Mdomo ulimkauka, ikabidi aletewe maji apate mate.

Surua ilifika mpaka kijiji cha chini, ikalaza watoto sita. Tubod-Ilaya haikumpata hata mmoja.

Na shukrani? Akina mama walichangishana wakanunua kuku jike, mweupe, mwenye afya. Wakampelekea Bibi Pasing.

"Jike!" Teodila anasema, na hapa sauti inapanda hadi akina mama wanageuka. "Anataga mpaka leo! Napita pale kila mwezi namwona!"

Kibaraza kinacheka. Rhealyn, aliyeketi karibu, anacheka pia, kisha anasema kwa aibu, "Nesi, si tulikuletea maembe?"

"Matatu. Na moja lilikuwa bovu."

Kuanzia siku ile Bibi Pasing hakosi Alhamisi ya chanjo. Kazi yake ni kupakata, na anaifanya kwa madaha makubwa. Mwandishi anapomuuliza kwa nini alikubali haraka vile kumsaidia mtu aliyemdharau hadharani, anatema tambuu pembeni na kumtupia nesi jicho.

"Anadhani wivu ni wake peke yake, huyu," anasema.

Teodila anaacha kufunga kisanduku.

"Mwaka wa surua ile ya zamani, kabla sindano hazijapanda huku, niliosha maiti saba za watoto. Kwa mikono hii hii wanayosema ina baraka. Watano niliwazalisha. Wawili niliwazaa." Bibi anamhamisha Jhonver goti moja hadi jingine, mtoto amelala. "Nilifukiza. Nilikanda. Nilitafuna tangawizi mpaka ulimi ukachubuka. Wakaenda wote. Sasa kila mwezi namwona huyu mwanamke anashuka na kisanduku chake kitupu, anasonya njia nzima kwa sababu hakupewa kuku. Nami nasema moyoni, angejua! Ningewatoa kuku wote wa mlima huu nipate alichokuwa nacho kisandukuni, siku ile moja tu."

Hilo Teodila hakuwahi kuambiwa. Anakaa kwenye benchi, karibu na bibi.

"Nisikudanganye," anamwambia mwandishi baadaye, akifunga kamba za kisanduku kwenye pikipiki. "Niliposikia ananionea wivu, nilifurahi kwanza. Kabla hata ya huruma. Ndivyo nilivyo."

Imebaki miaka tisa astaafu. Zamani alikuwa na ombi la uhamisho wa kwenda ofisi ya mjini. Anasema ameliacha lichakae kwenye droo. Mpango alionao ni wa karibu zaidi. Mapema Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu, mlima mzima hupanda makaburini na vyakula na maua. Miaka yote Teodila hushuka kwao pwani. Mwaka huu amemwomba Bibi Pasing ampeleke kwenye yale makaburi saba.

"Miaka ishirini na sita nafanya kazi isiyoonekana," anasema. "Nataka niende nikaione pale ilipokosekana."

Bibi Pasing amekubali kumpeleka, ila aje na mishumaa yake mwenyewe, saba, na asichelewe.