Fundi cherehani aliyefufua kisigino na kurudisha kombe

Soko linafunguliwa. Milango ya mabati inapandishwa kwa kelele, na Mama Pindo, fundi cherehani, hajagusa mkasi bado. Amesimama kwenye ngazi ya duka lake kwa vidole vya miguu, visigino viko hewani, futi ya kupimia shingoni. Anajiinua, anashuka polepole, anajiinua tena.

"Shemeji, mpaka leo unapanda ngazi hujafika?" anapaza sauti muuza nyama wa duka la jirani, rafiki wa mumewe, ambaye soko zima linamwita Bucha.

"Wewe cheka tu. Kombe liko kwa nani?"

Bucha anakuna kichwa na kurudi kwenye nyama yake. Wateja hoi kwa kicheko.

Kombe lenyewe liko kwenye rafu ya fundi, limejaa vifungo. Hushindaniwa kila mwaka katika mbio za wafanyabiashara wa soko, wake kwa waume, na mshindi hukaa nalo dukani hadi mbio zinazofuata. Mama Pindo alikuwa amelizoea. Mwaka juzi, akiwa anaongoza, maumivu yakamchoma juu ya kisigino cha kulia, akaketi barabarani. Bucha akampita, akashinda, kisha, maana utu ni utu, akarudi na mkokoteni wake wa nyama kumpeleka nyumbani.

"Nililia," anasema fundi. "Si kwa maumivu. Kwa ule mkokoteni!"

Hospitalini, mtaalamu wa fiziotherapia, mwanamke mpole wa sauti na mkali wa kazi, alimwambia kano ya kisigino imeumia lakini haijakatika. Akampa mazoezi. Mama Pindo akaacha kukimbia kabisa, lakini miezi ikapita, mbio za mwaka jana zikampita, na mguu ukawa ule ule. Majirani wakaanza: mama mzima, mbio za nini? Hata mumewe akamshauri agawe viatu vyake vya mbio.

"Nikavificha chini ya vitambaa. Moyo ulikataa katakata."

Ndipo mtaalamu akaja dukani kuchukua suruali yake. Akasimama mlangoni akimtazama fundi anavyoshona, salamu akaisahau. Cherehani ni ya kukanyaga, na Mama Pindo hukanyaga kwa mguu mmoja, kwa ncha ya vidole, kutwa. Mguu wenyewe ni wa kulia.

"Dada, si ulisema unaupumzisha?"

"Naupumzisha! Sijakimbia hata hatua."

"Umepumzika wapi? Mguu huu umeukimbiza tangu asubuhi, nawe umeketi!"

Mtaalamu hajifichi. "Nami sikuwahi kumuuliza anashonaje. Kano hurudisha nguvu kwa kupewa kazi kidogo kidogo. Yake ilifika kwenye mazoezi imechoka tayari."

Fundi akaanza kujifunza kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Loo, aibu! Mishono ilikwenda kama njia ya mlevi. Suruali ya kwanza kuharibika ilikuwa ya Bucha, naye anaivaa mpaka leo ili kumkera.

Lakini mguu wa kulia ulipopata nafuu, mazoezi yakashika. Kwanza ngazi kwa miguu miwili, baadaye kwa mmoja, halafu na mfuko wa vitambaa mgongoni. Akatembea haraka. Akakimbia kidogo, akasimama, akakimbia tena. Siku alipotaka kuzidisha, mtaalamu alimkemea kama mtoto.

Mbio za mwaka huu, kwenye kona ya mwisho, Bucha alikuwa mbele.

"Nikausikiliza mguu. Kimya! Nikauambia, haya baba, twende!"

"Alinipita kama vile nimesimama kumpimia mtu nyama," anakiri Bucha. Mume, aliyetaka viatu vigawiwe, ndiye aliyepiga kelele kuliko soko zima. Mama Pindo alipovuka utepe alilia tena, akimkumbatia mtaalamu wake.

Sasa anajiandaa kwa mbio ndefu za kuzunguka mji mzima. Mtaalamu ameshampangia mazoezi, na Bucha, asiyekubali kushindwa, naye amejiandikisha.

"Njoo nikupime suruali nyingine, shemeji, safari hii mishono imenyooka," Mama Pindo anamwita Bucha, akishuka ngazini. "Na mkokoteni uuoshe vizuri. Zamu hii nausukuma mimi."