Bomba la Kwenda Sebuleni

Wenzangu mliokulia Butembo enzi za kibatari, mtanielewa. Kwetu mtu hakuanza na nyumba. Alianza na garaji, akahamia humo na watoto wake, nyumba ikingojewa. Kamioneti ya baba ya kubebea maharagwe kutoka Vuhovi ililala upande mmoja, sisi upande wa pili, na hata bugali wetu ulinuka mazout ya gari. Gari likisafiri tulitanuka, dada zangu wakacheza nzango, wakiruka na kupiga makofi, mpaka mama awatimue.

Baba alishikilia jambo moja: umeme utafika. Nguzo zikija, mita itakaa garajini, na kutoka hapo waya mnene utapita chini ya ardhi mpaka kwenye nyumba kubwa. Basi akachimba mtaro, akalaza bomba jeusi, na ndani yake akaacha kamba ya nailoni.

"Ile siku courant itafika, hatutachimba tena," alisema. "Tutafunga câble kwa kamba, tutavuta tu."

Majirani walicheka, eti amenunua kamba na mbuzi hana. Yeye akaendelea kufukia.

Pale bomba lilipotokeza, alisimika vijiti kuonyesha vyumba: hapa sebule, hapa jiko, hapa chumba cha mama. Mama akapanda maua pale kuta zitakapopita, akaacha pengo la mlango. Tangu siku hiyo ikawa sheria, ukutani hapapitwi. Ukiruka maua, mama alifoka, "Uko mwizi? Pitia kwa mulango!" na fimbo ya mkaratusi ikafuata. Tuliingia kwa adabu, tukabonyeza swichi hewani, mmoja akapaza sauti, "Courant imefika!" na wote tukapiga makofi. Mvua ikinyesha, tulilowa sebuleni. Mwanangu wa leo analala simu ikimmulika usoni, na umeme ukikatika kidogo ananuna kama aliyefiwa. Mwambie abonyeze swichi ya hewani, atakutafutia daktari.

Kisha asubuhi moja baba alikwenda Beni na gari. Alivamiwa njiani na watu wenye silaha. Gari liliungua, naye tukaletewa amefungwa katika blanketi. Watu wa matanga walijaa uwanja mzima, na mpaka leo inaniuma nikikumbuka mama, macho yamevimba, akiwaonyesha kwa mkono wapitie mlangoni.

Tulikua, tukatawanyika. Mimi nikawa mwalimu, na maisha ya mwalimu mnayajua. Nilimwomba mama aje kukaa kwangu, akakataa katakata. "Nitatoka humu siku ya kuingia mu nyumba yangu," alisema. Akaendelea kupalilia maua yake na kufunika mdomo wa bomba kwa kopo, udongo usiingie.

Mwaka huu nguzo zimefika kwenye avenyu yetu. Nilikwenda na fundi wa umeme. Alikagua bomba, akavuta kamba kidogo. Ilikuwa nzima. Akamgeukia mama.

"Mama, tuweke câble kubwa, ya garage na ya nyumba ya kesho, ao ya garage tu?"

Mama alinitazama. Nilitaka kusema kubwa, nikakumbuka mshahara wangu, nikatazama viatu vyangu.

"Weka ya garage tu, mwana wangu," alimjibu fundi. "Itatosha."

Jioni taa iliwaka garajini. Mwanga ule mweupe ulionyesha masizi yote ya vibatari vya utoto wetu, yameganda ukutani. Hakuna aliyepiga makofi. Zamani tulikuwa na furaha tele kwa umeme usiokuwepo. Sasa umekuja, na hakuna kati yetu aliyejua la kufanya nao.

Mama alichukua ndoo yake aende kuchota maji. Mimi nilikuwa nimesimama pale penye mlango wa ile nyumba ya maua, kama tulivyofunzwa. Hakupitia kwangu. Aliyakanyaga maua, akapita katikati ya ukuta wa sebule, akaenda zake. Enzi zetu, kwa kosa hilo tulichapwa. Nilibaki mlangoni peke yangu, nikalia.