Ngolo Mia Tatu za Mama Mjane

Shule niliishia darasa la pili. Mwalimu alikuwa na fimbo, mimi nilikuwa na miguu. Hata hivyo tulipohamia kijiji cha ujamaa, kule juu upande wa Maguu, mwenyekiti alinikabidhi daftari la kaya. Waliosoma zaidi walikuwa wameshalikwepa.

Nikalipanga nilivyoona mimi. Kila kaya mstari wake: jina, watu, shamba. Juu ya safu sikuandika kitu, nani asiyejua? Shamba nilihesabu kwa ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni: mwanamume anafyeka nyasi, mwanamke anazifukia, maharage yanapandwa kwenye kingo. Ngolo za mke wangu zilinyooka kama mistari ya daftari, lakini hayo tuyaache.

Nikateremka ziwani, Lituhi, kumuuguza shemeji. Aliumwa mguu tu, ila samaki walikuwa watamu, nikakawia. Daftari nilimwachia bwana karani, mtu wa Tanga. Wilaya ikataka taarifa ya mashamba, igawe mbegu za maharage. Karani akaona 300 kwa mama mmoja mjane, akaandika eka mia tatu. Na wengine vivyo hivyo. Likaja jibu: kijiji chenye mashamba makubwa namna hiyo hakihitaji mbegu.

Ghala lilikuwa tupu, na majira ya kupanda yamebakiza majuma mawili. Nikaitwa. Nikapanda milima siku mbili, nikijuta kwa kila samaki niliyekula.

"Ndugu," karani akaniuliza, "eka mia tatu za mama huyu ziko wapi?"

"Twende."

Hatua ya tatu shambani kwa mama akatumbukia shimoni, matope mpaka magotini.

"Hiyo ni moja," nikamwambia. "Zimebaki mia mbili tisini na tisa."

Mama mjane akaegemea jembe. "Mwanangu, ukimaliza kuipima eka yangu, toka, nina kazi."

Karani alicheka mpaka nikaona haya mimi. Kisha akanipa kalamu. "Andika humu kwenye jalada la daftari. Mimi nikihamishwa, atakayekuja atamuuliza nani?"

Nikaandika, herufi zimelala kama walevi: safu ya pili ni watu, waliolala humo, si wageni. Safu ya tatu ni ngolo, si eka. Usipoelewa, nenda mteremkoni. Karani akaandika taarifa upya, akaipeleka wilayani Mbinga kwa miguu yake mwenyewe.

Mbegu zilifika Jumamosi jioni. Jumapili kanisani watu walikuwa wachache sana, na padri hakuuliza sababu. Alikuwa ametuona alipopita njiani, karibu kijiji kizima tumeinama mteremkoni, na karani yumo, suruali kaikunja.