Mlio Mmoja wa Jumapili

Ngrii. Mara moja, kisha kimya.

Huo ndio mlio aliokuwa akiungoja Twiga kila Jumapili asubuhi katika chumba chake cha kupanga, simu juu ya kigoda, chai ikipoa. Mlio mmoja maana yake mama ni mzima. Maana yake mama amepanda mpaka kwenye jiwe lililo juu ya bonde lao, mahali pekee palipofikiwa na mtandao wa kuombaomba, akabipu, akangoja jibu, akashuka. Kuongea kulishindikana, maneno yalikatika kama uzi mbovu. Naye Twiga, kama wenzake kazini walivyomwita kwa urefu wake, alibipu mara moja kujibu, kisha akanywa chai ya baridi peke yake.

Kazi yake ilikuwa kupima mtandao. Serikali ilimtuma kwenye vijiji ambavyo kampuni za simu zilivipa kisogo.

"Wanasema huko kuna watu wachache na mbuzi," dereva alimtania.

"Kwani mbuzi hawana ndugu?"

"Penye faida watakwenda wenyewe," mkuu wao alisema. "Sisi tunalipwa na kodi za watu twende pasipo faida. Haya, dada, fungu la mwaka huu linatosha mnara mmoja. Bondeni kwenu, au ng'ambo ya mto?"

Ng'ambo ya mto kulikuwa na zahanati isiyo na mtandao. Mjamzito akizidiwa, mtu alitoka mbio kwa miguu kwenda kuita gari.

"Ng'ambo ya mto. Kwetu watasubiri."

"Na mama yako je?"

"Mama ana jiwe lake."

Lakini mvua zilipokwisha, magoti ya mama yalikataa kilima. Jumapili zikaja bila mlio. Habari alizipata kwa wachuuzi: mama yupo, anakusalimu, anachechemea. Chai ya Jumapili akaacha kuipika.

Fungu la mwaka uliofuata lilijenga mnara wa bondeni. Jumapili ya kwanza baada ya kuwashwa, Twiga alibandika chai, akaketi, akapiga.

Simu iliita safi, bila mkwaruzo. Ikakatwa. Mara simu yake mwenyewe: ngrii, kisha kimya.

Akapiga tena. Ikakatwa. Ngrii, kimya.

Ndipo alipoelewa, akacheka. Mama alikuwa akishika adabu waliyoizoea: bipu haipokelewi, ukiipokea unamlia mwenzio salio. Bila shaka alikuwa mlangoni pake, miguu kainyoosha, moyo umetulia: mwanangu ni mzima.

Twiga alipiga mara ya tatu. Simu ikaita. Akaibana sikioni, akafumba macho, akanong'ona kabla haijakatwa:

"Pokea, mama. Siku hizi sauti inafika."